Akaunti ya Kijiji Kizima

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Karani akipima majani yangu ya chai, mimi hutazama mizani, si uso wake. Mgeni akinisifu sana, nikishamsindikiza naenda kuangalia kuku. Marehemu mume wangu alizoea kunitania kwamba nikifika mbinguni nitauliza kwanza nani ana ufunguo wa lango, na kama kuna mwingine wa akiba. Kwa hiyo watu wakiniuliza ilikuwaje mwanamke kama mimi akaweka kila kitu chake kwa kampuni moja ambayo hata mlango wake hajui uko wapi, sina jibu la haraka. Nawaambia wakae kwanza, maji ya chai yako jikoni.

Nilizaliwa upande wa Kisii, nikaolewa huku karibu na Silibwet, kwenye shamba linaloteremka hadi kijitoni. Mume wangu alikuwa Mkipsigis, mtu wa maneno machache, nami nilikuja na maneno ya kututosha wote wawili. Tulijaliwa binti mmoja tu. Tangu akiwa mdogo alinifuata kituo cha majani, pale wakulima wanapopanga foleni na vikapu vyao wakingoja gari la kiwanda. Pale hakuna anayeitwa kwa jina. Kila nyumba ina namba yake ya chai, na karani akiiita unasogea na kikapu chako. Binti yangu aliijua namba yetu kabla hajajua kusoma. Ikiitwa, yeye ndiye alikuwa anaitikia, kwa sauti kubwa kuliko mwili wake, foleni nzima inacheka.

Baba yake alipofariki mambo yalibana. Binti, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, akasema anakwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili. Nilimshuku wakala, nikamshuku daktari aliyempima, nikashuku hata pasipoti yenyewe, nikaigeuza na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Lakini mtoto akishaamua, utamfunga kamba? Kabla ya kuondoka alininunulia simu nzuri na kunifungulia akaunti kwenye ile kampuni ambayo kila mtu anaitumia.

"Mama, humu ndani kuna kila kitu," alinieleza tukiwa tumekaa mlangoni. "Barua zitaingia hapa. Picha za baba nimeziweka hapa. Namba za watu wote ziko hapa. Nikitaka tuonane uso, ni hapa hapa. Hata simu ikipotea, unanunua ingine, unaandika paswadi, kila kitu kinarudi."

"Na wenye hii kitu ni kina nani?"

"Ni kampuni, mama. Dunia nzima inawatumia."

"Ofisi yao iko wapi? Bomet ama Kericho?"

Alicheka. "Wako kila mahali."

"Mtu anayekaa kila mahali, siku unamtaka humpati," nikamwambia.

Akasema nimeanza, na kweli nilikuwa nimeanza. Lakini alikuwa anasafiri kesho yake, na sikutaka siku ile iishie kwa ubishi. Nikaipokea simu.

Ilifanya kazi, sitasema uongo. Jumapili baada ya kanisa niliketi chini ya veranda na uso wa mtoto wangu ukatokea mkononi, nyuma yake jiko la watu lenye kabati nyeupe. Nilimwambia ageuze simu nione mlango wa chumba chake kama una komeo. Ulikuwa nalo. Siku hiyo nilikula nikashiba.

Sasa, huku kwetu ukiwa na kitu kinachofanya kazi, majirani nao watakitumia. Ndivyo tunavyoishi. Josho la ng'ombe ni la wote, ngazi yangu imelala kwa mwalimu mstaafu tangu apake nyumba yake rangi, na mashine ya kukata nyasi inazunguka boma hadi boma. Jirani yangu wa ng'ambo ya ua alinunua simu, na simu ikakataa kuendelea mpaka aipe akaunti. Akaja nayo mkononi ameishika kwa mbali.

"Niwekee ile yako," akasema.

Huyu ni mwanamke aliyeshinda jikoni kwangu siku zote za matanga ya mume wangu, hadi macho yake yakavimba kwa moshi. Unamwambiaje mtu kama huyo kwamba paswadi ni siri? Na mimi hapa nilikuja kwa ndoa. Nikimnyima, kesho itasemwa kwamba yule mama wa kutoka Kisii anaringa. Nikamwekea. Akaja mwalimu mstaafu. Akaja mtoto wa jirani anayeendesha trekta ya miwa huko chini Fort Ternan. Baadaye hata sikuulizwa tena. Fundi wa simu pale Silibwet aliijua paswadi, na mtu akinunua simu anawekewa akaunti ya mama kama anavyowekewa kava.

Nikifungua picha zangu naona ng'ombe wa mwalimu, naona trekta imekwama matopeni, naona harusi ya watu nisiowajua, na katikati yao mume wangu ameketi na redio yake mapajani. Kusema ukweli sikuchukia. Nilijua nani ameleta ng'ombe mpya kabla hajatangaza, na kwa mtu wa tabia yangu hiyo ilikuwa raha. Mwalimu alishangaa nilijuaje kwamba yule mwekundu anachechemea.

Kisha tajiri wa binti yangu akachukua simu yake. Sababu hatukuambiwa. Binti akaanza kuniandikia barua kwa kompyuta ya watoto wa nyumba ile, wakiwa shuleni. Namba yangu ya simu hakuijua kwa kichwa, na mimi yake sikuijua. Nani siku hizi anajua namba ya mtu kwa kichwa? Alijua anwani moja tu, ile aliyonifungulia mwenyewe.

Barua yake ya mwisho ilinifikia asubuhi nikiwa katikati ya chai, kikapu mgongoni, umande bado uko kwenye majani. Ilisema hivi: "Mama, mkataba unakaribia kwisha. Tajiri anataka nisaini mwingine kama huu. Wananisukuma. Nitafanya vile utasema. Unanitaka nyumbani, ama niendelee?"

Jibu langu lilikuwa neno moja, njoo. Nilijaribu kuliandika pale pale, lakini kidole chenye umande hakiandiki kwenye simu hizi. Nikasema nitajaza kikapu, nipime, nirudi nyumbani nikaushe mikono nimwandikie vizuri. Nilipofika nyumbani simu ikaniambia akaunti yangu imefungwa kwa sababu imevunja kanuni. Kanuni ipi, haikusema. Nilisoma yale maneno nimesimama, nikayasoma tena nimekaa.

Niliingia Silibwet na aproni ya kuchuna chai bado iko kiunoni. Fundi wa simu aliigeuza ile simu, akapuliza kioo, akaanza kutoa jasho.

"Imeenda," akasema.

"Imeenda wapi?"

"Mama, hata mimi sijui. Simu zote za akaunti ile zimeanza kulia hivi hivi tangu asubuhi."

Nikamtazama sana. Huyu ndiye aliyekuwa na paswadi. Nikamuuliza kama aliiuza. Akaapa kwa kanisa lake, na mimi nikaona anaapa haraka mno. Jioni ile uani kwangu palijaa watu. Mwalimu alitaka picha za ng'ombe wake, mwingine alitaka picha za harusi, yule wa trekta alipiga kutoka Fort Ternan akitaka namba za wateja wake wa miwa. Walikuwa wamekuja kudai kwangu kama vile kampuni ni mimi. Niliwaambia mimi ninachotaka kiko Uarabuni na kinapumua, wanipishe. Walitoka shingo upande.

Nilimpigia wakala, namba yake ilikuwa kwenye karatasi za safari. Huyu alikuwa na sauti ya mafuta ya kupikia.

"Mama, wacha presha. Binti yuko sawa. Tumesikia anaongeza mkataba."

"Mmesikia kutoka kwa nani?"

"Kutoka huko."

"Huko ni nani? Huko kuna jina?"

Akasema mtandao ni mbaya, ingawa mimi nilimsikia vizuri sana. Tangu hapo namba yangu hakuipokea tena. Nikajua hapa kuna mchezo. Mtoto aliyeandika kwamba atafanya nitakavyosema mimi, amekubalije kabla sijasema? Au ndio wanajua sitasema? Nilianza kuwashuku wakala na kampuni kwamba wanajuana. Najua ni wazimu, lakini nilikuwa peke yangu na simu iliyofungiwa akaunti, na hayo ndiyo mawazo yaliyokuja.

Nikaenda Kericho, kwa mama mmoja mwenye duka la kompyuta karibu na steji ya matatu. Nilimchagua yeye kwa sababu mlangoni kwake hakukuwa na bango la kuahidi chochote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua ukurasa wa kulalamika. Ukurasa ukasema tumekutumia namba ya siri, iandike hapa.

"Wameituma wapi?" nikauliza.

"Kwa barua pepe yako."

"Ipi?"

Alikohoa kidogo. "Ile imefungwa."

Nilimwomba arudie, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Tukajaribu njia nyingine. Mashine ikaanza kunihoji. Ulizaliwa lini? Unatumia simu gani? Uko mji gani? Kila nilichojibu ilikataa, kwa sababu ile akaunti ilikuwa imefunguliwa Bomet, Sotik, Fort Ternan na kwingine, kwenye simu za kila aina, siku moja. Haikuamini kwamba mimi ni mimi. Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki nikatambua kwamba nimekutana na mwenye kushuku kunishinda, na huyu hana hata macho ya kuniangalia nikilia.

"Twende kwa ofisi yao," nikasema. "Hata kama ni Nairobi nitaenda."

"Hakuna ofisi ya kuingia na kuongea na mtu, mama. Ni hii tu."

"Hata mwizi ana kwao," nikamwambia, naye akaitikia kwa kichwa bila kucheka.

Kisha nikamwomba kitu kimoja. Aandike barua kutoka akaunti yake mwenyewe kuja kwangu, tuone. Akaandika salamu, akatuma. Kompyuta ikasema imetumwa. Tukangoja. Haikurudi, haikulalamika, haikusema mwenyewe hayupo. Hapo ndipo nilipoona giza. Yaani mtoto wangu anaandika, anaambiwa imetumwa, na anachoona yeye ni mama yake amenyamaza. Kunifungia ni jambo moja. Kunyamaza kwa niaba yangu ni jambo lingine, na hilo sikulisaini popote.

Nikifunga mkoba wangu, yule mama wa duka akaniuliza kama kulikuwa na picha ya mtoto asiye na nguo. Akasema wakati mwingine ni hiyo tu. Mashine inaona mtoto, haijui ni wa nani wala anafanyiwa nini, inafikiria mabaya, inafunga. Nilikuwa nimeshaiona ile picha kichwani. Ilikuwa ya mjukuu wa jirani yangu ndani ya beseni la bluu, povu hadi masikioni.

Sikupita nyumbani kwanza. Nilimkuta jirani anapukuchua mahindi.

"Ulipiga picha ya mtoto akioga?"

"Nilimtumia baba yake, yuko kazini mbali. Nilitaka aone vile amenenepa."

"Basi hiyo ndiyo imenipotezea binti."

Aliweka gunzi chini polepole. "Kuosha mjukuu wangu imekuwa makosa?"

"Kwangu imekuwa."

Akapangusa mikono kwenye leso. "Wewe kwako una kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, cha wageni, kuna cha watoto, kuna cha wazee. Mtu akivichanganya unamgombeza. Sasa mtoto wako, na mzee wako, na majirani wote, uliweka kwa kibuyu kimoja, tena cha mtu hujui. Halafu unakuja kuniuliza mimi beseni."

Niliondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo tukikutana njiani kila mmoja alikuwa anatazama upande wake wa ua. Na hadi leo sijui kama ilikuwa ile picha, au fundi, au trekta, au simu nyingi tu. Kampuni haijawahi kusema.

Siku zikaenda. Nilichuna chai kwa sababu chai haingoji mtu amalize huzuni. Kila nikiinama niliona mkono wa mtoto wangu umeshika kalamu juu ya karatasi ya Kiarabu. Nilipiga hesabu za mkataba nikazipoteza makusudi. Nilijisemesha njiani, njoo, njoo, kama mtu anayeita ndama, na watu wakaanza kunipisha.

Mchana mmoja kituoni nilikuwa nimeshapima, nimeshafunga kikapu kikiwa kitupu, naondoka. Karani akaita namba yangu tena.

Niligeuka na moto. "Nimeshapima. Unataka kunifanyia nini na namba yangu mara ya pili?"

"Mama, tulia. Si majani." Alikuwa ameshika simu yake. "Kiwandani wamepigiwa kutoka ng'ambo. Mtu anatafuta mwenye namba hii. Hakusema jina la mtu, alitaja namba ya chai na jina la kituo. Wakampa namba ya simu yangu. Amesema atapiga saa hii gari ikiwa hapa."

Foleni yote ikageuka kunitazama. Jirani yangu alikuwa nyuma, kikapu chake kimejaa. Simu ikalia kabla sijajua niweke mikono wapi.

Hata hapo, Mungu anisamehe, nilishuku. Nilisema, "Ni nani?" kwa sauti ya kufukuza mbwa.

"Mama."

"Mama ya nani? Kama ni wewe, niambie baba yako alisema nitauliza nini mbinguni."

Kulikuwa na pumzi, kisha kicheko ambacho nilikizaa mimi. "Nani ana ufunguo wa lango. Na kama kuna mwingine wa akiba. Mama, hii simu ni ya dereva, niko na dakika kidogo. Namba ya kiwanda nilipata kwa kompyuta. Yako nilikuwa nimesahau, lakini hiyo ya chai, hiyo siwezi kusahau."

"Umesaini?" Sikuweza kuuliza kingine.

"Wakala alikuja. Na tajiri. Wakanionyesha barua zangu zote kwenye ile kompyuta, wakasema ona, mama yako ameona zote na amenyamaza, hakutaki huko. Kila siku wanaleta kalamu."

Nikahisi mtu ameshika kiwiko changu, na bila kugeuka nilijua ni nani, kwa harufu ya moshi wa jikoni kwake.

"Umesaini?"

"Nilikataa," binti yangu akasema. "Niliwaambia huyo aliyenyamaza si mama. Mama yangu hajawahi kunyamaza siku mbili tangu nizaliwe. Hata akinikasirikia, anaongea."

Foleni yote ilisikia, maana simu ya karani ina sauti kubwa, na foleni yote ikacheka kama zamani. Mimi nililia mbele yao bila kuficha uso. Nikamwambia lile neno. Nilimwambia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, njoo, njoo, mpaka simu ikakatika, na nikaendelea kulisema nikiwa nimeishika simu ya watu, jirani yangu akiwa ameweka kikapu chake chini na kunishika.